Watu wa Mikdad Chini ya Chokaa

Saa mbili asubuhi, kabla hajabeba ndoo zake za rangi kwenda mjini Bagamoyo, Mikdad Majaliwa anapiga magoti sebuleni kwa marehemu mama yake, hapa Kaole. Analowesha ukuta kwa kitambaa, anasubiri, kisha anapitisha kisu butu chini ya chokaa. Kipande kinabanduka. Nyuma yake unatokea mguu wa mtu, umechorwa kwa mkaa, na kiatu chake.

"Huyu ni mlinzi wa lango," anasema. "Alinisumbua sana huyu kabla hajakubali kusimama."

Mikdad, mwenye miaka thelathini na minane, huandika mabango ya maduka na kupamba bajaji. Siku ikikubali hupata shilingi elfu ishirini. Isipokubali, anarudi na ndoo zake. Wateja wake wengi hawajui kuwa fundi huyu ndiye aliyebuni wahusika wa mchezo wa simu uliowahi kupendwa na vijana wa Dar es Salaam, wa msichana anayelinda kisima katika mji uliobomoka.

Wote aliwabuni kwenye ukuta huu. Karatasi kubwa hakuwa nazo, na mama yake, Bi Adija, alimruhusu. Mama mwingine angemtoa mbio kwa ufagio. Huyu, mgeni akiegemea ukuta, alimwambia asogee, atawafuta watu wa mwanawe.

Mikdad aliipiga picha michoro hiyo, akaipeleka kwenye kampuni ndogo iliyomwajiri Dar, ikaingizwa kwenye kompyuta. Ndipo dada yake Hajra akaposwa. Nyumba ya bibi harusi haipokei wageni na kuta zake nyeusi kwa mkaa, wapi! Mashangazi wakaja na chokaa. Bi Adija akawazuia mlangoni mpaka ampigie kwanza simu mwanawe.

"Aliniuliza, 'Mwanangu, hawa watu wako tuwafanyeje?' Nikacheka. Nikamwambia, 'Pakeni tu mama, wameshahamia kwenye simu.'"

Majuto ni mjukuu, lakini ya Mikdad hayakungoja hata mtoto azaliwe. Mwaka uliofuata kampuni ilifungwa, kompyuta zikafutwa na kuuzwa. Simu mpya zikaukataa mchezo. Yeye mwenyewe hakuwa amejiwekea nakala hata moja. Kisha Bi Adija naye akatangulia mbele ya haki.

Sasa kila asubuhi anabandua kidogo. Kinachotokea anakinakili kwenye karatasi na kukipiga picha, na Ijumaa alasiri anawakaribisha wapenda kuchora wa hapa kijijini waje waone. Huwaonyesha hasa mistari aliyokosea, maana ndiyo ambayo kwenye simu haikuonekana kamwe.

Lakini si kila siku ukuta humkubalia. Kisima chote kiliondoka na chokaa, kikawa unga mkononi. Hajra anasema siku ile kaka yake hakugusa chakula.

Umebaki mchoro mmoja, kando ya dirisha. Ni bibi wa kisimani, anayemfundisha msichana kazi. Uso wake ni wa Bi Adija, aliyekaa kutwa nzima akimenya muhogo ili mwanawe amchore. Picha nyingine ya umri ule haipo. Mama huyo hakupenda kupigwa picha. Hajra amemsihi kaka yake asiuguse. Chini ya chokaa, anasema, mama yuko salama.

Mikdad habishi. Anakwenda pale dirishani, anaupapasa ukuta kwa kiganja, anarudi.

"Nikimwacha, amesalimika," anasema. "Lakini hakuna atakayemwona, hata mimi. Na yeye aliniuliza vizuri, mimi nikamjibu ovyo. Hilo linaniuma."

Ataanza baada ya Idi, kwenye pindo la ushungi, taratibu. Usoni atafika mwisho. Hajra bado hataki, ila amesema siku hiyo atakuja kumshikia ndoo ya maji.