Kona za Ikapel

Kwa miaka kumi na minne Ikapel amekuwa akitengeneza tovuti katika chumba tunachokodi pamoja hapa mpakani Malaba, yeye na kompyuta yake, mimi na cherehani yangu. Niseme mapema kwamba ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha.

Ubishi wake mkubwa ulikuwa kwenye kona. Alijifunza kazi zamani, wakati visanduku vya tovuti vilipokuwa na kona kali tu. Ukitaka kona za mviringo, ulichora picha nne ndogo na kuzipachika moja moja. Ikapel alizikata kwa subira ambayo hana kwa binadamu. Baadaye ikaja njia ya mstari mmoja: unaandika border-radius na namba, simu inaviringisha kona yenyewe. Aliijua. Hakuitaka. Alisema ni kazi ya wavivu, nami nikamwacha, maana hata mimi sipendi kuambiwa matundu ya vifungo yashonwe kwa mashine.

Kisha Asio, wakala wa forodha na mteja wake wa kwanza kabisa, akaja amenuna. Madereva walikuwa wanaiacha tovuti yake, ambako hutuma hati za mizigo, na kumwendea wakala mwingine.

"Nimekuvumilia, Ikapel. Hii wiki ikiisha kama bado haifunguki poa, nitatafuta mtu mwingine."

Walikwenda hadi kwenye foleni ya malori, nami nikawafuata kwa umbea tu. Dereva mmoja, Okwara, akawaonyesha simu yake. Hapo mpakani simu hushika mtandao wa Kenya, ikarukia wa Uganda, ikarudi. Maandishi yalifika. Picha za kona zilikwama njiani, visanduku vikabaki vimevunjika, na kitufe cha kutuma hati kilisukumwa hadi hakionekani.

"Boss, mimi hungoja hii kitu mpaka nachoka," Okwara alisema. "Naendanga tu kwa yule mwingine."

Ikapel alijitetea kwamba simu kuukuu haziuelewi ule mstari mmoja wa border-radius.

"Na isipoelewa, inafanya nini?" Asio akauliza.

Ikapel alimrudishia Okwara simu. Jibu alilijua: inachora kona kali na kuendelea na kazi.

Tuliporudi alifuta picha zaidi ya mia mbili, akaandika ule mstari mmoja, na namba 8 ndani yake. Aliifanya kazi hiyo bila kuniangalia, na roho iliniuma.

Asubuhi iliyofuata foleni ilikuwa haijasogea. Okwara akafungua tovuti, ikaja yote kwa mara moja, kona laini zilezile za zamani. Ikapel alijinyoosha hadi kwenye dirisha la lori, akimngoja aseme neno juu ya kona.

Okwara alibonyeza kitufe, akatuma hati zake, akatia simu mfukoni. Kisha akauliza chai inauzwa wapi.