Helmeti ya guka wenu ilivyomwacha barabarani

Mmenitupa, wajukuu wangu. Tangu Krismasi sijaona mguu wa mtu hapa Kianjokoma, na kama leo ingekuwa matanga mngejaa boma. Wanja wa jirani anaandika, mimi nasema.

Leo asubuhi guka wenu, mume wangu, amegongwa na pikipiki akipeleka maziwa kwa baiskeli.

Yuko hai! Anakula. Tulieni.

Lakini ile helmeti mliyomletea iliruka kwanza, ikamwacha. Kichwa kikapiga lami peke yake, kikashonwa nyuzi sita.

Nikaibeba mpaka dispensari. Nikamwambia daktari, "Angalia huu uongo. Nje plastiki, ndani povu kama la kupakia redio. Hii itazuia nini?"

Akaigeuza, akaniuliza, "Cucu, mkanda wa kidevu uko wapi?"

Nikaanza kuuliza bei ya nyuzi.

Guka akajibu kutoka kitandani, "Muulize yeye mtungi wa maziwa umefungwa na nini."

Ni kweli, mkanda niliukata mimi. Ulikuwa mkanda mzuri, na kifuniko cha mtungi kilikuwa kinalegea kila siku njiani.

Maziwa hayakumwagika hata tone.

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitoka nje nikalia kidogo, nikasema ni moshi.

Hilo povu bado siliamini. Nani kati yenu ameona likiokoa mtu? Semeni ukweli.

Lakini mkija, leteni nyingine yenye mkanda. Mfungeni guka nyinyi wenyewe, na kabla hamjaondoka mfiche kisu changu.