Nilivyoizungusha Nazi ya Nadhiri Mjini Guangzhou

Nimekosa, na niliyemkosea hakuwa amenifanyia ubaya wowote. Nilimdanganya mjane aliyekuwa amefunga, mkononi ana nazi ya nadhiri. Jina langu lisiandikwe, tafadhali. Guangzhou ya Waswahili ni ndogo kama sebule, na nusu ya waliokaa humo ni wateja wangu.

Mimi ni wakala. Mtu akitoka Dar au Unguja kuja kununua vitambaa, nampokea, namtafutia chumba Sanyuanli, namtembeza soko la Zhongda, naongea na wenye maduka kwa niaba yake, na mzigo nausimamia mpaka uingie kwenye kontena. Ni kazi ya macho. Sinunui jora kabla sijalipima upana na kulivuta kona kwa kona. Nachomoa uzi mmoja, nauwashia kiberiti: ukiwa majivu, ni pamba. Ukiyeyuka ukaganda kama shanga, umeuziwa plastiki. Watu wananisifia hilo. Basi sikilizeni mwenye macho alivyojipofua!

Mteja wangu tumwite Mama Kanta. Ana duka la vitambaa Dar. Ni Mhindu, amezaliwa palepale mjini, na Kiswahili chake kikikushukia katikati ya soko utatamani ardhi ipasuke. Mimi ni Mwislamu, nimekulia jirani kabisa na hekalu lao. Utotoni nilizoea kusikia kengele zao na kunusa ubani wao, nikiona viatu vimepangwa mlangoni. Kwa hiyo nilijiona mjuzi.

Safari hii alikuja na haraka. Mke wa mwanawe alikuwa mjamzito, baada ya miaka mingi ya kuhangaika, na siku zake zilikaribia. Mama Kanta aliweka nadhiri: kabla mtoto hajazaliwa, yeye kwa mkono wake mwenyewe atavunja nazi hekaluni, kisha ataipeleka majini. Nyumbani angeitupa baharini, yakaisha.

"Nanunua, nageuza," aliniambia uwanja wa ndege hata kabla ya salamu. "Mjukuu hasubiri majora."

"Usijali, Mama. Jumanne mzigo wako tayari."

Jumanne! Kila wakala ana Jumanne yake. Kiwanda kilikuwa hata hakijaanza kutia rangi.

Nieleze hapa, maana ndipo ugonjwa wetu ulipo. Wachina wa sokoni wana neno lao, meiyou, yaani hakuna. Hujamaliza kuuliza, laoban, yule tajiri wa duka, ameshakurushia meiyou bila kuinua uso kwenye bakuli lake la tambi. Mteja aliyetoka mbali akilisikia neno hilo asubuhi nzima hukata tamaa. Kazi ya wakala ni kusema kinyume. Lipo, Mama. Inawezekana, kaka. Kesho, dada. Unasema kwanza, halafu unakimbia kutafuta. Mara nyingi unapata, na hapo ndipo unapoharibika.

Jumanne ikaja, ikapita. Mama Kanta akaanza kukunja nguo zake.

"Naondoka. Mzigo utanitumia."

Mama Kanta asipokigusa kitambaa kwa vidole vyake, haagizi tena. Na lile agizo la pili ndilo nililokuwa nimelitegemea. Badala ya kumwambia hivyo kiutu uzima, nikafungua mdomo.

"Mama, kama ni nazi tu, hekalu lipo hapa."

"Hekalu gani?"

"La Kihindu. La kale sana, kando ya mto. Watu wanaabudu mpaka leo."

Akaniangalia juu ya miwani. "Guangzhou hii hii? Nakuja huku tangu nywele zangu nyeusi, sijasikia."

"Wewe hutoki Zhongda, Mama. Utasikiaje?"

Akacheka. Akazikunjua nguo zake. Ee Mola, alizikunjua!

Mnajua nilitegemea ushahidi gani? Kalenda. Kwenye ofisi ya wasafirishaji kule Sanyuanli kuna kalenda yenye picha ya hekalu la kale, nje kidogo ya mji, upande mto unakoelekea baharini. Humo nilikuwa nimeona moshi wa ubani, watu wamepiga magoti, matunda mezani, na pembeni sanamu ya mtu mwenye sura nyeusi, mkono ameuweka juu ya macho kama anayezuia jua. Nikajumlisha: ubani, magoti, matunda, mtu mweusi. Wahindi hao! Mimi ninayechoma uzi wa kila jora, kalenda niliiamini bila hata kuvuta kona.

Kwanza tukatafuta nazi. Guangzhou madafu yamejaa, yamechongwa vizuri na mrija umechomekwa. Lakini Mama Kanta alitaka nazi kavu yenye ndevu zake. Tulienda Yide Lu kwenye maduka ya vyakula vikavu, katikati ya uyoga na samaki wakavu wanaonuka mpaka machozi. Mama wa watu hali nyama wala samaki, amejiziba pua kwa ukingo wa sari.

Laoban akanionyesha gunia.

"Nataka moja," nikamwambia.

"Meiyou. Hapa ni jumla."

"Anasemaje?" Mama Kanta akauliza.

"Anasema nazi moja ataona haya kuiuza."

"Mwambie nanunua moja leo. Mjukuu akizaliwa salama, nitarudi kuchukua gunia."

Nikamtafsiria. Yule laoban akasikia habari ya mjukuu, akainuka, akaanza kutikisa nazi sikioni moja baada ya moja mpaka akapata yenye maji. Akatupa bure. Mfanyabiashara wa jumla, Yide Lu, ametoa kitu bure! Hata hapo sikushtuka kwamba jambo hili ni zito kuliko nilivyolibeba.

Siku ya safari Mama Kanta alikuwa amefunga tangu asubuhi. Amevaa sari ya manjano, nazi ameifunga kwenye kitambaa chekundu, ameipakata kama kichanga. Ndani ya treni bibi mmoja akampisha kiti. Nadhani alidhani kweli ni kichanga.

Tukafika. Ni hekalu kweli, tena zuri, la kale mpaka mawe ya kizingiti yamebonyea katikati. Watu wamejaa, wanaabudu kwelikweli, hawapigi picha za kitalii. Mama Kanta akasimama langoni, akafumba macho, akavua viatu.

Hakuna mwingine aliyevua.

"Hapa wanaingia na viatu?" akaniuliza.

"Wengine wamepunguza masharti, Mama."

Akaingia peku. Bibi mlinzi wa lango akatufuata mbio na vile viatu mkononi, akidhani vimesahaulika. Mama Kanta akamrudishia. Bibi akamletea tena. Wakarudishiana mpaka wote wawili wakaanza kucheka, na mwishowe viatu nikavibeba mimi.

Ndani akatafuta kengele ya kugonga kabla ya kuomba. Tukaona ngoma kubwa ya shaba, imezungushiwa kamba isiguswe. Akaiangalia, akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Kisha tukafika mbele ya mungu mwenyewe. Mzee wa Kichina, amenona, ana ndevu, joho la kifalme, na taji lenye shanga zinazoning'inia usoni.

Mama Kanta akatazama. Akakaa sana akitazama.

"Huyu nani?"

Hapo ndipo ningeokoka! Ningesema: Mama, nisamehe, nilibahatisha. Lakini ulimi wa wakala hauna breki.

"Ni yule yule wa kwenu, Mama. Yule wa kufungua njia. Huku wanamchonga Kichina."

"Ganesh?"

"Ee."

"Mbona hana kichwa cha tembo wala mkonga?"

"Mafundi wa huku, Mama..."

"Mafundi wamefanya nini? Mkonga mmeupeleka Zhongda mkaukata kwa yadi?"

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake. Hakuwa anatania. Midomo imekauka kwa kufunga, mikono miwili imeishika ile nazi, na kidole kimoja kinapapasa ndevu zake taratibu.

"Ulijua?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Sikujua, Mama. Nilisema tu."

"Ulisema tu."

Angenitukana ningepona! Alimwinamia yule mzee mwenye taji kwa heshima zote, kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa, akatoka nje.

Uani kuna mfenesi. Mfenesi kabisa, na mafenesi yameshika shina! Mama Kanta akaketi chini yake. Yule bibi wa viatu akaja kukaa naye, akatoa simu yenye kutafsiri, akaanza kutueleza. Mungu wa pale ni wa bahari ya kusini, mabaharia walikuwa wakimwomba kabla ya kusafiri. Na yule mwenye sura nyeusi, mkono juu ya macho? Mgeni. Wengine husema alitoka upande wa India. Hadithi yao ni kwamba alikuja kwa meli zamani sana, akapanda mbegu za fenesi alizokuja nazo, akazama katika kushangaa hekalu, na meli ikamwacha. Akasimama ufukweni anaitazama bahari mpaka akawa jiwe. Wenyeji wakamwonea huruma, wakamvisha joho, wakamweka pembeni ya mungu wao.

Mama Kanta akainuka, akaenda kusimama mbele ya sanamu ile. Wakatazamana, Mhindi na Mhindi.

"Maskini," akasema. "Na huyu wakala wake alimwambia mzigo utakuwa tayari Jumanne."

Nikalia. Nilicheka na kulia pamoja, mbele za watu, viatu vya Mama Kanta vimenijaa mikononi.

"Mama, nilitaka ubaki kwa ajili ya lile agizo la pili. Hekalu nililiona kwenye kalenda."

"Kalenda." Akanyoosha mkono. "Lete viatu. Nitafutie ndege ya leo."

"Si unaweza kuipeleka mtoni, Mama? Mto huu hapa."

"Nadhiri si mzigo, mwanangu. Huwezi kuishushia bandari yoyote."

Akaondoka usiku ule. Alinitumia ujumbe wa sauti kabla ya kupanda ndege: "Askari wa ukaguzi wameigonga nazi yangu kama wanabisha hodi. Nimewaambia wenyewe hawajafika." Utani wake ulinichoma kuliko matusi.

Mtoto alizaliwa Mama Kanta akiwa angani.

Msichana, mzima, na mama yake mzima, namshukuru Mungu. Lakini mwanamke aliyengoja miaka yote ile hakuwapo kumpokea mjukuu wake, na nazi aliyoahidi kuivunja kabla, aliivunja baada. Alitoka uwanja wa ndege na sanduku lake moja kwa moja hadi hekaluni. Alinitumia picha ya vipande viwili vya nazi juu ya jiwe lenye maji. Hakuandika kitu chini yake. Kwa siku nyingi niliifungua ile picha kila nilipokaa kula, chakula kikapoa.

Agizo la pili halikuja. Sikulidai. Nililia zaidi kwa ile picha.

Juzi akapiga simu. Nilisimama nikapokea, kama ameingia chumbani.

"Ule mzigo wa kwanza unatoka lini?"

Ulimi ukaanza wenyewe: "Juma..." Nikauuma.

"Sijui, Mama. Rangi imetoka vibaya, nimeirudisha kiwandani. Sijui itachukua muda gani. Nikijua nitakwambia."

Nyuma yake nikasikia kichanga kinalia.

"Ngoja nikuweke kwenye spika," akasema. "Mjukuu wangu akusikie. Rudia."

"Sijui, Mama."

"Umesikia, bibi wee?" akamwambia mtoto. "Huyo ndiye aliyeninyima kukupokea. Sasa ameanza kujifunza kazi."

Akakata simu. Sijui kama nimesamehewa. Hilo nalo sijui, na nalisema hivyohivyo.

Mawakala wenzangu, na nyote mnaoishi kwa kuwaambia watu wanachotaka kusikia: yachomeni uzi maneno yenu kabla hamjayauza! Mteja akikuuliza, na huna, mwambie huna. Atakunja uso, atakunywa maji, atapanga mambo yake upya. Lakini mtu aliyefunga, aliyepakata nadhiri yake, msimzungushe mjini kwa sababu ya kalenda ya ukutani.

Na mkipita kwenye lile hekalu, msalimieni yule mgeni aliyeweka mkono juu ya macho. Msimwambie meli iko njiani.