Mama Zaina Aomba Kutuliwa Mzigo

Nimefundisha historia miaka mingi, na nimewazoeza wanafunzi wangu kukitilia shaka kila kisa kisicho na shahidi wa pili. Hiki hakina shahidi wa pili. Hata hivyo kilinipata mimi, macho yangu yakiwa wazi, saa tisa alasiri, jua likiwaka. Na ukiniona naapa, jua kwamba sina mazoea ya kuapa.

Kituo chetu kidogo cha reli, pembezoni mwa Kindu, kilikuwa kinakaribia kutimiza miaka mia. Kamati ya sherehe ilinikabidhi kazi ya kukusanya kumbukumbu za wenyeji ili zichapwe kitabuni. Kila alasiri niliketi barazani mwa kituo na daftari langu, na watu wakaja: huyu alikumbuka treni iliyomleta babake, yule alikumbuka harusi iliyokwama njiani siku nne, na mchele wote ukaliwa kabla bibi harusi hajafika. Walicheka, nami nikaandika. Ila ilikuwapo siku moja niliyoomba moyoni asiitaje mtu.

Nianze na siku hiyo. Katika reli yetu hapajapata kuwa na saa ya kutegemewa. Treni huweza kuchelewa hata juma zima. Kwa hiyo watu walikaa mashambani mwao wakisikiliza kengele, yaani kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwa waya penye mlango wa kituo. Kikigongwa mara tatu, maana yake treni imekwisha kuondoka kituo cha jirani: jembe hutupwa, mzigo hutwikwa, watu hukimbia. Mdomo wa mtu ulishukiwa. Kengele haikushukiwa kamwe.

Wakati wa vita, treni zilipokoma na shule zikafungwa, nilikuwa nikimsaidia mkuu wa kituo kuandika madaftari yake. Wakaja watu wenye silaha, wakitaka wapagazi wa kubeba shehena msituni, upande wa Kalima. Wenyeji walikuwa wamejificha. Wakamwamuru mkuu agonge kengele. Akakataa, wakampiga mpaka akaanguka. Kisha wakanigeukia mimi. Niligonga. Mara tatu, kwa mwendo ule ule uliozoeleka. Watu wakatoka vichakani na mafurushi yao, wengine wakicheka kwa furaha kwamba treni imerudi. Wengi hawakurudi. Mkuu alikufa baadaye bila kunitaja, nami nikaacha isemwe kwamba mgongaji hakujulikana.

Basi, alasiri ninayoisimulia, wazee watatu walikuwa kwenye benchi wakitaniana, mmoja wao Mzee Saidi, aliyegeuza njia za reli na kuzipungia treni bendera tangu ujana wake.

"Saidi, weye njo ulichelewesha treni zote," mmoja akamwambia, kwa ile 'njo' yetu iliyo 'ndiye' ya vitabuni. "Ulikuwa unalala, bendera njo blanketi yako."

"Na bibi yako njo alikuwa ananiamusha," akajibu Saidi.

Hapo akaja mwanamke akifuata reli, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, akasimama mbele yangu. Nilimtambua kabla hajasema: Mama Zaina wa Mikelenge, aliyekuwa akiuza kwanga, mikate ya muhogo, papo hapo kituoni, na ambaye nilimwona akitoka kichakani na mtoto huyo huyo siku ile ya kengele, wala hakurudi. Waweza kusema nilimfananisha. Nami ningesema hivyo, lau si mtoto. Tangu vita hivyo wanafunzi wangu wamekuwa wazazi. Mtoto yule alikuwa angali ananyonya.

"Jambo, Mwalimu. Unitue muzigo," akasema. "Shingo imechoka."

Desturi unaijua: aliyetwikwa mzigo mzito hajitui mwenyewe, na anayeombwa humtua, hata kama ni adui yake. Nikainuka, nikanyoosha mikono.

"Useme kwanza nani alituita," akasema. "Wale wa bunduki walituambia tusitue mpaka ule mwenye alituita atatutua."

Nilitazama benchi. Je, wewe ungesema nini, mbele ya watu uliowafundishia watoto?

"Haikujulikana, mama," nikasema.

Hakukasirika. Alilikaza furushi juu ya kata yake, akasema, "Bon, niende. Kungali mbali." Akageuka na kuifuata reli, na kokoto hazikulia chini ya nyayo zake. Mzee Saidi alikuwa akinitazama.

Kitabu kilichapwa, na ndani yake sentensi yangu, iliyonyooka kisarufi: aliyegonga kengele hakujulikana. Jioni ya sherehe, baada ya hotuba, sikuweza tena kuvumilia. Nilimwendea Mzee Saidi nikamweleza yote.

"Mwalimu, tulijua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya bohari, nilikuona. Watu wote wa gare, wa hapa kituoni, walijua."

"Mbona hamkusema?"

"Walikuwekea bunduki, tulijua na ile. Tukasema, iko siku atasema mwenyewe. Ile siku ya barazani ukasema 'haikujulikana', na hakuna mutu alikuwa amekuuliza. Kisha ukatupatia kitabu."

Wananisalimu bado, tena kwa heshima ile ile, na sasa naielewa ilivyokuwa. Walinisubiri miaka yote hiyo, na subira yao imekwisha.

Mama Zaina hajarudi. Kwa hiyo nakuonya, msomaji: ukiombwa kumtua mtu mzigo, na bei yake ikawa jina lako, litoe hapo hapo, watu wakisikia. Usijipe ahadi ya siku nyingine. Ni mimi niliyegonga. Naliandika hili leo, wakati hakuna tena anayeuliza.