"Potea" ya Mzee Clem

Clem Hargrave hakuwahi kumkaribisha mtu nyumbani kwake. Ukifika getini, hata injini hujazima, ameshatoka barazani, suruali kaifunga kwa kamba ya marobota ya majani: "Potea! Panda baiskeli yako uende zako!" Baiskeli ipi, nami nimekuja na pikapu? Lakini huku kwetu kwenye mashamba ya ngano ndivyo wanaume wanavyosalimiana. Unamjibu, "Potea mwenyewe, zee zima!" unaingia ndani, unabandika birika. Tangu mkewe Edna afariki nilifanya hivyo kila Jumamosi, miaka kumi na miwili. Sikuwahi kuondoka kabla ya chai ya pili.

Sasa nisikilizeni, maana hili silisemi kwa raha.

Jumamosi ya fainali ya mpira nilipita kumwachia pai ya nyama. Mpira ulikuwa unaanza saa nane na nusu, na kutoka kwa Clem hadi baa ya mjini ni mwendo wa dakika arobaini. Clem hakutoka barazani. Sauti ilitoka ndani, nyembamba, kama ya mtu aliyelala.

"Potea, Ross!"

Nilijua kuna jambo. Msinitetee. Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa chini kiasi kile, na mbwa wake alikuwa anakwaruza mlango kwa ndani. Lakini nilitazama saa, nikaweka pai juu ya sanduku la barua pale getini, nikapaza sauti: "Haya basi, mzee, leo napotea kweli!" Nikaenda zangu. Nikanywa bia, nikashangilia mpaka koo likakauka. Aibu gani hii, jamani!

Jumapili mchana nilirudi, nikaikuta pai palepale, imejaa sisimizi. Clem alikuwa sakafuni jikoni, nyonga imevunjika tangu Jumamosi asubuhi, simu iko ukutani hawezi kuifikia.

"Nilisikia gari lako," aliniambia, midomo imemkauka. "Nikasema, ah, Ross huyo, sasa hivi ataingia."

Hakurudi tena shambani. Binti yake alimtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee mjini, mbwa nikamchukua mimi. Jumamosi ya kwanza nilisimama mlangoni pake nikisubiri kutukanwa. Clem akanyoosha shati lake.

"Karibu, bwana Ross. Keti, tafadhali. Asante kwa kuja."

"Acha hizo, zee. Nifukuze basi!"

"Hapana, hapana. Najua una shughuli zako."

Nikaketi. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Mhudumu akatuletea chai, tukazungumzia mvua, na baada ya kikombe kimoja Clem akanishukuru tena, ndiyo kuniaga.

Mwaka mzima sasa ananikaribisha vizuri hivyo hivyo, kama anavyomkaribisha mchungaji.