Mama Aliyenitwika Debe

Ijumaa nimepokea barua kutoka Mahurunga. Inasema yule mama mjane wa kule amefariki, amezikwa baada ya Alasiri. Inna lillahi. Nililia, wasomaji wangu, kisha nikaanza kucheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Marehemu ndiye mtu pekee aliyewahi kuisahihisha digrii yangu kwa debe la maji.

Miaka ya sitini, nikiwa kijana wa kaptula iliyonyooshwa na uchumi mwingi kichwani, nilitumwa huko kukadiria ni nyumba zipi zitawaacha mabinti waendelee na masomo. Nafasi za darasa la tano zilikuwa za kugombania, na ofisi ya elimu ingefuata orodha yangu. Nilikuwa na kanuni, jamani, kanuni! Unachukua hatua za kwenda kisimani, unazidisha kwa madebe ya siku, unagawa kwa idadi ya mabinti. Jibu likiwa kubwa, binti ataacha shule ateke maji. Kila nyumba inajiamulia yenyewe, ndivyo nilivyofundishwa. Mama yule alikuwa na binti mmoja tu, na kisima kiko mbali. Nikaandika "Ataacha," nikapiga mstari, nikajiona nimefanya kazi.

Habari zikamfikia. Asubuhi akanijia pale shuleni nilipofikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Eti umemwachisha mwanangu shule?"

Nikamweleza kanuni yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ambayo sikustahili.

"Si uliniuliza nani anateka maji kwangu?"

"Ndiyo, mama. Ukasema 'sisi.' Nikaandika 'binti.'"

"Loo! Haya, leo zamu yangu. Twende."

Akaniwekea ngata kichwani, akanitwika debe. Nusu ya maji iliishia kwenye shati langu, na kina mama waliotuona walicheka hadi wakakaa chini. Yaliyobaki hatukuyapeleka kwake moja kwa moja. Tulimimina nyumba ya kwanza, tukarudi kisimani, tukamimina ya pili, mpaka zikatimia tano, yake ikiwa ya mwisho, na mimi mtu wa hesabu nikashindwa kuhesabu safari. Kumbe kina mama watano walipeana zamu, kila siku mmoja anateka kwa wote, ili mabinti wao wasikose shule. Nikafuta "Ataacha" mara tano, maana nyumba zote hizo nilikuwa nimeziandikia hivyo, karatasi ikatoboka.

Sisi wenye kanuni tunapenda kumdhania mtu yuko peke yake, maana hivyo ni rahisi kumkokotoa. Baadaye niliandika humu gazetini safu nzima kuwafundisha watu wa vijijini kushirikiana. Aibu yangu! Ukitaka kujua mtu ataamua nini, muulize kwanza yuko na nani.

Barua imeandikwa na yule binti wa "Ataacha." Siku hizi ni mwalimu wa shule ileile. Anasema maji ya kumwoshea mama yake yalitekwa na zile nyumba nne. Kisha anamalizia: "Kesho ni zamu ya mama. Nitaishika mimi, kabla ya kengele."