Bafta Iliyokataa Kunywa Maji

Kabla ya milango ya biashara kufunguliwa, kitambaa kipya kilikuwa kinasimama chenyewe. Ulikipata kwa foleni, ukafika nacho nyumbani, ukakiegemeza ukutani kama ubao, nacho kikakusubiri wima mpaka umalize chai. Viwanda vilikuwa vikikipaka wanga, na sidhani kama kulikuwa na mtu wa kuwaambia basi, inatosha. Jora moja lilikuwa na wanga wa kuwapikia uji watu wote wa Kondoa, na abiria wa basi la Babati wakachotewa wa njiani. Ukishakifua mara ya kwanza, maji yanageuka meupe kama tui. Shuka uliyoinunua nzito unaianika kambani huku unamwona jirani yako upande wa pili, naye anakuona, mnasalimiana.

Ndiyo maana sisi watu wa Dodoma tulijifunza kusugua. Mteja akiingia dukani hakuanza na bei. Alishika pindo, akalisogeza penye mwanga wa mlangoni, akasugua kitambaa kwa kitambaa na kutazama chini kama kuna unga unadondoka. Ukidondoka, aliguna na kwenda zake. Kina mama walizoea mno, nadhani hata posa ikiletwa nyumbani walisugua kwanza kola ya mchumba.

Wakati huo nilikuwa muuzaji katika duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kondoa, mtu wa kofia nyeupe na sauti ya taratibu, ambaye ukoo wake ulikuwa ukiuza nguo tangu zama za misafara. Alivyokuwa akisimulia jinsi kitambaa cha marikani kilivyofika nyanda hizi kwenye mabega ya wapagazi, ungeapa naye alikuwa amebeba mzigo wake. Mchana nilipima mita. Jioni nilikwenda masomo ya watu wazima, nikakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakinigusa kidevu, nikisoma kemia. Masomo mengine niliyasoma kwa sababu yalikuwepo. Kemia niliisoma kwa udadisi, maana ilinijibu maswali ambayo sikujua kama yanaruhusiwa kuulizwa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Bidhaa ziliingia kama nzige, na mzee wangu akaanza kushusha majora yenye lebo za lugha ambazo hata Biblia haijatafsiriwa kwazo. Vitambaa hivyo vilikuwa laini, vilitulia, wala havikuwa na unga. Ukivisugua mpaka vidole vinatoa moshi, hakuna kinachodondoka. Wateja walishika vichwa.

"Hivi vimewekwa nini, Mzee?"

"Dawa," alijibu, kama mganga asiyetaka kutaja mizizi.

Siku moja akaita watu waje waone. Alikunja kitambaa kama bakuli, akamimina kikombe cha maji juu yake. Maji yakakaa! Yakajiviringa viduara viduara, yanang'aa, yanakimbizana, hayaingii. Mlango ukajaa watu. Sisi ambao mvua ikinyesha tunatoka nje kuishangilia, sisi ambao debe la maji lilikuja kwa mkokoteni na kusubiriwa kama bibi harusi, tulisimama tukishangaa nguo ya kuzuia mvua. Mama mmoja akapiga kelele, "Mzee, usimwage hayo maji, wewe!" Wala hakuyamwaga. Aliyarudisha yote kwenye birika lake la udhu, hata tone halikupotea, na hilo ndilo lililowauzia watu kitambaa.

"Na vumbi hakishiki," akaongeza.

Hapo hata mimi nikataka kununua. Vumbi letu la Dodoma linaingia mpaka ndani ya yai.

Sasa nimlete shangazi yangu. Aliishi Chang'ombe, chumba na uwani, na uwani ndiko kulikokuwa kazi yake ya batiki. Aliyeyusha nta kwenye sufuria, akachora maua kwa nta ya moto juu ya kitambaa cheupe, akakizamisha kwenye pipa la rangi. Penye nta rangi haikuingia. Mwisho alikichemsha nta ikatoka, na maua yakabaki meupe. Mwanzoni watu walimtafuta. Mitumba ilipofurika, gauni zima likauzwa rahisi kuliko kipande chake, na uwani kukawa kimya. Ndipo kwaya ya kanisani kwake ikamletea kazi, sare za zambarau zenye maua meupe, za kuvaa siku ya kufungua kanisa jipya. Kitambaa wangenunua wenyewe.

"Hii ndiyo ya mwisho kujaribu," aliniambia. "Ikitoka vizuri, watu wataniona kanisa zima. Ikiharibika, pipa nauza, nakaa chini na mitumba kama wenzangu."

Alisema kama utani. Lakini pipa lile lilikuwa la marehemu mjomba, mumewe, na sikuwahi kumsikia akitamka neno kuuza karibu nalo.

Mama mwenyekiti wa kwaya, mwanamke mwenye sauti inayoweza kuzima taa, alikuja dukani kwetu akachukua bafta, pamba nyeupe laini, kutoka shehena mpya, jora zima. Akampelekea shangazi. Shangazi alifanya kama tulivyofundishwa na maisha: alishika pindo, akasugua, akatazama chini. Hakuna unga. Akasugua tena kwa nguvu za kusaga mtama. Hakuna.

"Hiki ni kitambaa," akasema, akakata vipande vya sare vyote siku hiyo hiyo.

Kesho yake nikapita kumsalimu kabla ya kazi. Nilimkuta ameketi juu ya kinu, mikono ya zambarau mpaka viwikoni, anatazama kipande kinachochuruzika.

"Shikamoo, Shangazi."

"Njoo uone mwenyewe."

Kitambaa kilikuwa kimelala kwenye pipa usiku kucha. Rangi ilikuwa imekaa juu yake matone matone, kama jasho kwenye kipara. Akakikung'uta. Matone yakaruka, mengine yakanipata shati. Kitambaa kikabaki cheupe, kisafi, kinatucheka.

"Kimekataa," akasema. "Tangu nianze kazi hii sijaona kitambaa kinakataa kunywa."

Nikakumbuka birika la mzee. Nikamweleza habari ya dawa.

"Dawa gani?"

"Sijui, Shangazi."

"Unasoma kemia ya nini sasa?"

Swali hilo lilinifuata mpaka dukani, likanipimia vitambaa mchana kutwa. Jioni nikaingia darasani na kipande cha bafta mfukoni na chupa ya maji. Mwalimu wetu wa kemia, kijana aliyetuogopa kidogo kwa sababu nusu ya darasa walikuwa na umri wa baba yake, alinikuta namwagia maji kitambaa huku darasa zima limenizunguka. Sikufukuzwa. Alitupa chaki, akaja kutazama.

"Kitu kinachochukiana na maji," akasema, "mara nyingi ni mafuta, au ndugu yake mafuta. Kiweke kati ya karatasi za kaki, pitisha pasi ya moto. Karatasi itakwambia."

Jumamosi nikaenda Chang'ombe na mfuko wa kaki wa sukari nilioupasua. Shangazi akawasha pasi ya mkaa. Tukaweka karatasi, kitambaa, karatasi. Akakandamiza, akainua. Kwenye karatasi palikuwa na doa, hafifu, linapitisha mwanga kama karatasi ya maandazi.

Shangazi akalinusa. Akalikwaruza kwa ukucha. Kisha akacheka, kicheko kilichowatoa majirani vyumbani.

"Nta! Mwanangu, ni nta hii! Mtu ametangulia kukipaka nta kitambaa kizima! Ametengeneza batiki isiyo na ua hata moja!"

Yeye aliyeishi na nta kwenye kucha, nta kwenye khanga, nta kwenye ugali nikikumbuka vizuri, alikuwa amezidiwa na nta. Na sote tulikuwa tumesugua kutafuta unga. Ulaghai wa zamani tuliujua mpaka ukoo wake. Kitu hiki kipya hakikuwa hata ulaghai. Kilikuwa sifa, na kiliuzwa kama sifa.

Dawa ya nta aliijua. Akakatakata sabuni ya mche ndani ya sufuria, akatia magadi, akachemsha kipande kimoja huku anakikoroga kama makande. Juu ya maji pakatokea utando. Akauengua. Akasuuza kwa maji ya moto, kisha akadondosha tone moja la maji baridi.

Tone lilikaa kidogo, likawaza. Halafu likazama.

"Kimekunywa," akanong'ona.

Kipande hicho kikatoka zambarau kama sikukuu. Tukakianika kambani kando ya kipande kisichochemshwa, na shangazi akaita kwaya waje waone, ili wajue kwa nini kazi imechelewa. Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo hatukulipigia hesabu.

Walifika mchana, wakati wa upepo. Mama mwenyekiti mbele, wenzake nyuma. "Mbukwenyi!" wakasalimu kwa Kigogo, na kabla hatujaitikia, upepo ukanyanyua nusu ya Chang'ombe ukatumwagia. Tulipofumbua macho, kipande cheupe kilikung'utwa mara moja kikawa safi. Kile cha zambarau kilikuwa kimevaa vumbi jekundu, na kadiri ulivyolipangusa ndivyo lilivyozidi kujipaka.

Wakavisogelea vipande vyote viwili.

"Kwa hiyo," akasema mmoja wa sauti ya pili, "ukitia rangi, dawa inatoka?"

"Inatoka," shangazi akajibu.

"Na tulinunua kwa ajili ya dawa."

"Mlinunua kwa ajili ya dawa."

"Mimi naona tubaki na nyeupe. Safi, hakuna kufua, maji yenyewe haya ya kununua."

Wengine wakaitikia. Nikamwona shangazi anatazama pipa, si watu. Nikafungua mdomo nitetee kwa kemia, akanizima kwa jicho.

"Sawa," akasema, "vyenu hivyo. Mkitaka vyeupe nitawakunjia mchukue. Mtasimama mbele ya wageni kama mashuka ya hospitali, na mkianza kuimba watu watatafuta kitanda."

Mtu akaguna. Mwingine akacheka, akajifunika mdomo. Mama mwenyekiti hakucheka. Alikwenda kambani, akaishika ile zambarau, akaiweka kifuani kwake, akajitazama kwenye kidirisha cha shangazi.

"Mchungaji anavaa vumbi," akasema. "Wageni watakuja na vumbi. Hilo kanisa lenyewe limejengwa kwa vumbi. Sisi ndio tuwe wasafi, malaika? Chemsha, mama. Chemsha zote."

Shangazi alichemsha mpaka magadi yakaadimika madukani. Jumapili ya ufunguzi kwaya ilisimama ya zambarau na maua meupe, mapindo mekundu kwa vumbi kiasi kwamba ungedhani ni urembo wa makusudi. Waliimba, nadhani vizuri. Shangazi hakusikia wimbo hata mmoja. Alikaa benchi la pili akihesabu maua. Mpaka ibada inaisha, kina mama wawili wa kanisa jingine walikuwa wamemvuta kando.

Nilipomwambia mzee wangu kwamba dawa yake imechemshwa kwa sabuni ya mche, alivua kofia, akaivaa tena. Tangu hapo kila shehena ikija alitenga rafu mbili, ya kuvaa na ya kutia rangi, na wateja nao wakabadili wimbo. Waliacha kusugua wakaanza kuuliza, "Hiki kina dawa gani?" Baadaye zikaja nguo zisizokunjika, zisizopauka, zinazonyonya jasho, mpaka vyandarua vinavyoua mbu kabla hajapiga hodi. Leo nina duka langu, na kila jora jipya likifunguliwa bado nakata kipande, nakimbia nacho Chang'ombe.

Pipa lipo pale pale. Shangazi amezeeka, macho yamepungua, lakini kando ya mlango kuna kikombe chake cha maji. Ninasema shikamoo, hajibu. Ananyoosha mkono nimpe kitambaa. Anachovya kidole, anadondosha tone, anainama kusikiliza kama kwamba tone lina sauti. Tunasubiri wote wawili.

Likizama, ndipo anasema, "Marahaba."